Jua la Desemba Juu ya Boti ya Shangazi

Sogeeni. Leo nina kisa cha mtu aliyehamia majini akaziacha nguzo za umeme nchi kavu. Mtu huyo nimemtunga, na binti wa kaka yake nimemtunga, kwa hiyo msihangaike kuwatafuta. Mifereji, jua na hesabu ni vya kweli. Hesabu hasa: kaeni na kalamu, na mkinikamata nimekosea, semeni.

Shangazi huyu ni mwenyeji wa Tanga, muuguzi katika hospitali moja ya London. Kodi ya nyumba ilipomchosha akafanya kama wanavyofanya wengi kule: akanunua boti ya chuma, ndefu na nyembamba, yenye kitanda, jiko na kabati, akaanza kuishi mferejini. Urefu wa boti ni mita 12. Upana ni mita 2 na ushei, na upana huo ndio unaotuhusu.

Mbona nyembamba hivyo? Zamani barabara za Uingereza zilikuwa matope, wakachimba mifereji ya kubebea makaa ya mawe, udongo wa vyungu na bidhaa za viwandani, boti zikivutwa na farasi waliotembea ukingoni. Mfereji wa Bridgewater, uliofunguliwa 1761, ulipeleka makaa ya mawe Manchester. Mhandisi wake, James Brindley, alikuwa fundi wa vinu ambaye hata kuandika kulimpa taabu. Sasa, ardhi ikipanda, maji hayapandi. Kwa hiyo boti huingizwa katika chumba cha mawe chenye malango mbele na nyuma. Chumba kinajazwa maji, boti inainuka, lango la mbele linafunguliwa, safari inaendelea. Brindley alipopanga mfereji wa Trent and Mersey aliamua vyumba hivyo viwe na upana wa kama mita 2.1 tu, maana chumba kipana hula mawe mengi na maji mengi. Alifariki 1772, mfereji ukakamilika 1777, na kila boti iliyotaka kupita ikabidi iwe nyembamba. Ndiyo kusema paa la shangazi, mahali pekee anapoweza kuweka paneli za jua, lilipimwa na mzee aliyezikwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita.

Jambo jingine. Shangazi hana maegesho ya kudumu, na kwa sheria ya 1995 boti ya namna hiyo haikai mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Wiki hii iko chini ya miti, wiki mbili zijazo itakuwa pembeni ya ghala la zamani. Hakuna wa kumvutia waya. Alichokikuta ndani ni injini ya dizeli, jiko la gesi la kupikia, jiko la chuma la kuni kwa ajili ya baridi, na betri mbili zilizochoka kiasi kwamba taa zilififia kabla ya taarifa ya habari kwisha.

Binti akafika likizo ya Juni. Yuko kidato cha pili, anapenda fizikia na anapenda zaidi kuonekana kwamba anapenda fizikia.

"Shikamoo, shangazi. Baba kasema unataka kufunga sola. Tunanunua paneli ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Paneli utaniuliza mwisho. Kwanza niletee daftari."

Hapo shangazi alikuwa sahihi kuliko wauzaji wengi. Muuzaji huanza na paneli kwa sababu paneli ndiyo aliyonayo dukani. Mwenye boti anaanza na maisha yake: nitawasha nini, kwa muda gani, kila siku?

Na hapa tusimame kidogo, maana watu wazima wenye shahada huchanganya vitu hivi viwili. Wati ni mwendo, wati-saa ni umbali. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hujui limefika wapi mpaka uambiwe limeenda saa ngapi. Vivyo hivyo taa ya wati 3 haikuambii imekula kiasi gani mpaka uambiwe imewaka muda gani. Ikiwaka saa 4, imekula wati-saa 12. Zidisha tu. Mtambo mzima wa jua unasimama juu ya kuzidisha huko.

Wakazunguka boti, binti akisoma kibandiko nyuma ya kila kifaa. Taa 5 za LED, wati 3 kila moja, saa 4 kwa usiku: wati-saa 60. Pampu inayosukuma maji kutoka tangi hadi bombani hula wati 60, lakini ukijumlisha kunawa, vyombo na kuoga haifanyi kazi zaidi ya dakika 20 kwa siku: 20. Simu mbili: 30. Kompyuta ya mapajani, wati 45 kwa saa 3: 135. Halafu friji. Ni friji ndogo ya volti 12, inayokula wati kama 45 pale tu mota yake inapozunguka. Inazunguka, inanyamaza, inazunguka tena, usiku na mchana. Kwa siku nzima, kama 400.

"Friji peke yake inakula kuliko sisi wote!" binti akasema.

"Kwa sababu sisi tunalala, yenyewe hailali."

Jumla ikawa 645. Umeme hupotea njiani, katika nyaya na katika betri, basi wakaandika 750 na kuizungushia duara.

Binti alikuwa amekuja na mashine ya kukausha nywele, ya wati 1,500. Akaona dakika 10 si kitu, wati-saa 250 tu. Shangazi akamwambia agawanye 1,500 kwa volti 12 za betri. Ikatoka ampea 125. Huo ni mkondo wa kuchemsha waya mwembamba, na ni kazi ngumu kwa betri ndogo. Birika la umeme ndilo baya zaidi, la wati 2,000 au hata 3,000. Ndiyo maana watu wa mferejini huchemsha chai kwa gesi, na wakati wa baridi birika hukaa juu ya jiko la kuni kutwa nzima. Chochote kinachozalisha joto, kitoe kwenye orodha ya umeme kwanza kabla hujafikiria kununua chochote.

Kuna mlaji mwingine ambaye hayumo kwenye kibandiko chochote cha jikoni. Ni inveta, kifaa cha kugeuza volti 12 za betri kuwa volti 230 za nyumbani. Ikiachwa imewashwa bila kazi, huenda ikala wati 10 hivi. Wati 10 kwa saa 24 ni 240, karibu theluthi ya umeme wa shangazi, na hakuna hata mtu aliyechaji simu! Shangazi akaipa swichi yake, karibu na kitanda, na simu zikawa zinachajiwa moja kwa moja kutoka volti 12.

Sasa betri. Je, jua likijificha siku mbili? Mara mbili ya 750 ni 1,500. Betri za risasi na asidi, zile mnazoziona kwenye magari na gereji, hazipendi kukamuliwa hadi chini. Ukitumia zaidi ya nusu ya ujazo wake mara kwa mara, zinakufa mapema. Kwa hiyo upate 1,500 ununue 3,000, yaani ampea-saa 250 kwa volti 12. Ni mzigo wa kilo zaidi ya 60. Betri za lithiamu na chuma zinakuruhusu kutumia asilimia 80, hivyo ampea-saa 160 zinatosha, na ni nyepesi mno. Ubaya wake ni bei, na kwamba hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi 0. Mtoto wa Tanga hawezi kudhani hilo ni tatizo. Uingereza mwezi wa Januari maji ya mfereji huweza kuganda yakawa kama kioo, na betri iliyoachwa kwenye shimo la injini hupoa nayo. Shangazi akachukua ya lithiamu, ampea-saa 200, kwa kuwa dukani ndizo zilizokuwepo, akaiweka ndani chini ya kiti, karibu na jiko la kuni.

Ndipo binti akaruhusiwa kuuliza habari ya paneli.

Niwakumbushe kwanza kwamba aliyeona mara ya kwanza mwanga ukizalisha umeme alikuwa kijana wa miaka 19, Mfaransa Edmond Becquerel, mwaka 1839, akifanya majaribio katika maabara ya baba yake. Aliona vipande vya metali ndani ya majimaji vikitoa mkondo vikimulikwa. Ilipita zaidi ya karne nzima kabla ya Wamarekani watatu wa Bell Labs, Chapin, Fuller na Pearson, kuonyesha mwaka 1954 kipande cha silikoni kilichogeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Paneli za dukani siku hizi hugeuza asilimia 20 na zaidi. Kinachotendeka ndani ni hiki: mwanga unagonga silikoni, unabandua elektroni, na kwa sababu silikoni imetengenezwa kwa tabaka mbili zisizofanana, elektroni zinasukumwa upande mmoja. Hakuna kinachozunguka, hakuna kelele, hakuna moshi.

Haya, paneli ya wati 100 inatoa nini juu ya paa la boti London? Jibu ni: mwezi gani?

Adhuhuri ya Juni, jua la London hupanda hadi nyuzi 62 hivi kutoka upeo wa macho, na mchana una urefu wa zaidi ya saa 16. Adhuhuri ya Desemba hufika nyuzi 15 tu, na mchana haufiki saa 8. Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi hulipenda. Dar es Salaam, siku ambayo jua la adhuhuri liko chini kuliko siku zote za mwaka, mwezi huohuo wa Juni, liko nyuzi 60. Jua letu la chini kabisa ni karibu sawa na jua lao la juu kabisa. Sisi tunakimbilia kivuli cha mwembe, wao wanatandika blanketi kwenye nyasi.

Kwa hiyo paneli ya wati 100 iliyolala bapa juu ya boti London itatoa kama wati-saa 430 kwa siku mwezi Juni, na kama 45 mwezi Desemba. Mara tisa au kumi pungufu! Binti akapiga hesabu haraka. Kwa Juni, 750 gawanya kwa 430: paneli mbili zinatosha. Kwa Desemba, 750 gawanya kwa 45...

"Paneli kumi na saba, shangazi."

"Na tutapita wapi kwenda kufunga kamba?"

Maana paa la boti ni njia pia. Watu hutembea juu yake wakiwa kwenye vyumba vya malango, huweka hapo mti mrefu wa kusukumia, ubao wa kushukia, baiskeli, gunia la kuni. Na Desemba haidanganyiki; ukifunga paneli kumi na saba kwa ajili yake, miezi mingi ya mwaka nyingi kati yake zitakuwa zinakaa bure. Shangazi akachukua nne, wati 400 kwa jumla. Kuanzia majira ya machipuko hadi Septemba hatakuwa na shida. Oktoba atapata kama wati-saa 640, atabana kidogo. Desemba atapata kama 180, na kilichopungua kitatoka kwingine. Mtambo unaokubali mapema kwamba utashindwa miezi ya baridi ni mtambo uliopangwa vizuri.

Kwa nini wazilaze bapa, wasiziinamishe kulielekea jua? Zikiinamishwa kuelekea kusini zingevuna zaidi wakati wa baridi, ni kweli. Lakini boti hugeuka. Leo kusini ni upande wa kushoto, kesho ni upande wa kulia. Pia kuna madaraja ya matofali yaliyojengwa kwa kimo cha farasi na mzigo, na mahandaki, kama lile la Blisworth kwenye mfereji wa Grand Union, lenye urefu wa kilomita 2.8. Paneli iliyosimama wima humo haitoki nzima. Wengine hufunga vyuma vya kuinulia, wanaziinua wakiegesha na kuzilaza kabla ya kuondoka, kama wakikumbuka.

Kivuli nacho kina hila. Vipande vya ndani ya paneli vimeungwa kwa mstari, na mkondo ule ule unapita vyote. Kivuli chembamba cha bomba la moshi la jiko kikiangukia vipande vichache, kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima. Binti alikaa juu ya paa kuanzia asubuhi akichora kwa chaki mahali kivuli cha bomba kilipopita. Paneli zikafungwa nje ya chaki.

Kati ya paneli na betri lazima kuwe na kontrola ya chaji. Paneli ya wati 100 hufanya kazi vizuri kwenye volti kama 18, ikitoa ampea 5.5 hivi. Betri iko kwenye volti 12 au 13. Kontrola za bei rahisi huishusha paneli hadi volti za betri na ampea zinabaki zilezile: 12.5 mara 5.5 ni wati 69, na theluthi ya jua lako imetupwa. Kontrola ambazo mafundi huziita kwa herufi MPPT hubadilisha volti zinazozidi kuwa ampea zaidi, na karibu wati zote hufika. Katika nchi yenye jua haba, usibane hela hapo.

Siku ya kufunga, shangazi alivua pete na bangili. Volti 12 hazikurushi, ila spana au pete ikigusa chanya na hasi za betri kwa pamoja, chuma huwa chekundu papo hapo na kidole kimo ndani. Paneli walizifunika kwa blanketi, maana paneli haina swichi: palipo na mwanga inazalisha, na mbili zikiungwa kwa mstari zinafika volti zaidi ya 40. Kisha wakaunga betri kwenye kontrola kwanza, ili kontrola ijue inahudumia volti ngapi, na paneli baadaye. Fyuzi ikawekwa karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya. Watu hudhani fyuzi inalinda kifaa. Fyuzi inalinda waya usiwake moto, ndiyo maana inakaa pale umeme unapotoka.

Kila kitu kikawaka, isipokuwa friji. Ilinguruma kidogo, ikazima. Ikanguruma, ikazima. Betri bado ina umeme, fyuzi nzima.

Binti akachukua mita ya kupimia volti. Kwenye betri, volti 12.4. Nyuma ya friji, wakati mota inajaribu kuzunguka, volti 11.5. Volti karibu nzima imepotelea njiani! Friji ilikuwa mita 10 kutoka kwenye betri, na mwenye boti wa kwanza alitumia waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20 za waya mwembamba. Ukinzani wake ni kama omu 0.23, zidisha kwa ampea 4 za friji, unapata volti 0.92. Friji za aina hii zina mlinzi ndani: zikiona volti ziko chini zinadhani betri inakufa, zinajizima ili kuiokoa. Wakavuta waya mpya wa milimita 6 za mraba. Upotevu ukashuka hadi volti 0.23, na friji ikanguruma bila kukatika. Kwenye umeme wa volti 230 kosa hilo lisingeonekana kabisa, kwa sababu ampea ni chache. Kwenye volti 12, unene wa waya ni nusu ya kazi.

Binti akarudi shule. Desemba akapiga simu.

Jua la London lilikuwa likizama saa 10 kasoro dakika chache, alasiri bado mbichi. Taa zilikuwa zinawaka saa 8 badala ya 4, kwa hiyo wati-saa 60 zikawa 120. Friji, kwa upande wake, ilikuwa imepunguza ulaji kwa sababu ya baridi. Jumla ikabaki palepale, kama 750. Paneli zilileta 180. Pengo la 570 lilizibwa na altaneta, yaani jenereta ndogo ya injini, kupitia kifaa kidogo kinachoizuia betri ya lithiamu kuvuta ampea nyingi mno na kuiunguza altaneta. Kinapitisha ampea 30. Kwa volti 13, ni kama wati 390. Kwa hiyo injini saa moja na nusu kila siku, na juu ya hapo anapata maji ya moto ya kuoga, kwa sababu joto la injini linapitishwa kwenye tangi. Huwasha asubuhi akitoka zamu. Usiku hawezi: mferejini injini haziwashwi kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi, majirani wamelala mita moja kutoka kwako.

"Na mashine yangu ya nywele, shangazi?"

"Ipo. Inasubiri Juni."

Basi, kalamu bado mnazo? Chukueni boti ileile muipeleke Mwanza, muiegeshe kwenye ghuba. Pale jua halitofautiani sana Desemba na Juni, na paneli ya wati 100 itawapa wati-saa 400 hivi mwezi wowote. Msiandike haraka kwamba paneli mbili zinatosha. Friji iliyokula 400 Uingereza mwezi Juni, Mwanza kwenye joto inaweza kula 600, na msisahau upotevu wa njiani. Taa zitawaka saa ileile mwaka mzima. Jiko la kuni mnaweza kuliuza. Paneli ziinamisheni kidogo tu, mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha niambieni mnahitaji ngapi, na betri ya ampea-saa ngapi kama mvua ya masika itafunika jua siku tatu.